Pedeli ya Breki Iliyogoma Kurudi

"Kaka, mbona umekanyaga breki muda wote?"

Aliyeniuliza alikuwa dereva wa gari lililokuwa nyuma ya pikipiki yangu. Tulisimama njia panda, akashusha kioo. Nikatazama mguu wangu: ulikuwa umetulia juu ya kikanyagio, kile chuma cha kupumzishia mguu, hata pedeli ya breki haujaigusa. Nikageuka nyuma na kweli, taa nyekundu ilikuwa imeganda. Nikapenyeza ncha ya kiatu chini ya pedeli, nikaibetua juu kidogo, taa ikazimika. Nikamwinulia dole gumba na kuondoka huku nikijiambia kwamba ni jambo dogo.

Lilibaki dogo kwa miezi minne.

Pikipiki yenyewe ni ya zamani, injini ya cc 125, breki za dramu (ngoma ya chuma iliyo katikati ya tairi) mbele na nyuma, waya kwa breki ya mbele na fimbo ya chuma kwa breki ya nyuma. Niliipata kwa mjomba, na mjomba alikuwa mtu wa maji na sabuni. Aliiosha mpaka unaweza kujitazama kwenye tangi. Grisi hakuipenda kwa sababu inachafua mikono na inashika vumbi. Kwa hiyo nje iling'aa, na ndani ya vitundu vyake, mahali maji yanapoingia na kukosa pa kutokea, ilikuwa inaliwa na kutu polepole. Simlaumu. Mimi mwenyewe niliendesha miaka mitatu bila kujiuliza pedeli inazunguka juu ya nini.

Tiba yangu ya kwanza naona aibu kuisimulia. Upande wa kulia wa fremu kuna swichi ndogo ya taa ya breki, imeunganishwa na pedeli kwa springi nyembamba kama ya kalamu. Pedeli ikishuka inaivuta swichi, na taa inawaka. Swichi ina nati ya plastiki ya kuipandisha na kuishusha. Nikaizungusha nati hiyo mpaka swichi ikashuka vya kutosha, taa ikawa haiwaki hata pedeli ikibaki imelala nusu. Nikafurahi. Sasa hakuna dereva wa kunishushia kioo. Nilichokuwa nimefanya ni kumziba shahidi mdomo, tena shahidi pekee niliyekuwa naye, kwa sababu mwendesha pikipiki akiwa mwendoni haoni taa yake ya nyuma. Kibaya zaidi, ili taa iwake ilinibidi nikanyage mpaka chini kabisa. Walio nyuma yangu waliniona nimepunguza mwendo kabla hawajaiona taa.

Baadaye nikahamia kwenye nati iliyo mwisho wa fimbo ya breki, kule kwenye tairi. Wazo lilikuwa kwamba nikiilegeza, hata pedeli ikikwama chini, breki shuu (vile vipande viwili vya ndani vinavyosugua dramu) hazitagusa dramu. Kimahesabu ni sawa. Ila pedeli ikawa na safari ndefu, mguu unazama kabla breki haijashika, na kadiri inavyozama ndivyo inavyonata vizuri zaidi huko chini.

Kisha nikapata nadharia. Wiki chache kabla tatizo halijaanza nilikuwa nimekaza cheni. Ukikaza cheni unasogeza tairi nyuma, na tairi likienda nyuma linaondoka na mkono wa breki (ule wenzo wa kule tairini unaovutwa na fimbo), ilhali fimbo ina urefu uleule. Matokeo yake breki inakaza yenyewe bila wewe kuigusa. Ndiyo maana baada ya kurekebisha cheni ni lazima urudi kwenye nati ya breki. Hili ni kweli tupu, na kwa sababu ni kweli lilinipoteza kabisa. Nilishinda siku nzima nikipima cheni na kurudisha tairi milimita moja moja, nina uhakika nimemshika mwizi. Breki iliyokazwa kupita kiasi inakwaruza muda wote. Yangu ilikuwa inakwaruza nikiikanyaga, halafu inaacha nikiinyanyua pedeli kwa kiatu. Hizo ni dalili mbili tofauti, na mimi nilizifanya moja kwa sababu nilikuwa nimeshapata jibu nililolipenda.

Mdogo wangu ndiye aliyeshauri springi. "Kaka, si springi imechoka? Weka yenye nguvu." Ushauri wa maana kabisa kwa mtu anayetazama kwa nje. Pedeli hairudi, na kazi ya kuirudisha ni ya springi, basi aliyeshindwa ni springi. Nikapata nene zaidi, nikahangaika nayo kwa koleo mpaka ikaingia kwenye ndoano zake, na siku hiyo pedeli ikarudi kwa kishindo, kap! Tukagongeana mikono.

Springi ile ilinipa wiki mbili. Asubuhi za baridi pedeli ilikuwa inarudi kama mzee anayeinuka kitini, halafu mchana inachangamka. Nami nikawa sina tena hisia ya breki ya nyuma. Mguu unapambana na springi kwanza, unaongeza nguvu, unaongeza, ghafla springi imeshindwa na nguvu yote imeangukia kwenye dramu. Mara mbili kwenye barabara yenye maji tairi la nyuma lilifunga na mkia ukanitoka. Mara ya pili nilipata jasho jembamba.

Kupuliza mafuta ya kulegezea kutu kwa nje nako nilikufanya, bila shaka. Kila mtu hukufanya. Pedeli inalainika siku tatu, nne, kisha mafuta yaliyobaki mdomoni mwa tundu yanashika vumbi na kuwa uji mweusi. Mafuta yale ni mepesi, yanapenya na kuondoka. Hayakuumbwa kubeba mzigo kama grisi. Na ukipuliza ovyo kuelekea tairini yanaweza kufika kwenye breki shuu, na breki shuu ikishanywa mafuta huna breki tena.

Siku iliyonishtua ilikuwa ya safari ndefu. Nilihisi pikipiki nzito, kama inapanda mlima usioonekana. Nikikata mafuta haiserereki, inasimama. Nikaegesha, nikasikia harufu kama ya kamba inayoungua. Nikasogeza mkono karibu na habu ya nyuma, yaani kitovu cha tairi, na joto likanikaribisha kabla sijaigusa. Nikadondosha matone ya maji: yakachemka na kutoweka. Habu ya mbele ilikuwa vuguvugu tu. Tangu hapo kulinganisha habu mbili baada ya safari imekuwa tabia yangu. Unasogeza kiganja taratibu bila kukimbilia kushika, na hauhitaji kifaa chochote.

Nilisubiri ipoe, nikalegeza nati ya fimbo mpaka tairi likawa huru, nikarudi mwendo wa kobe kwa breki ya mbele peke yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa, kwa kuwa ukifunga breki uzito mwingi unalalia mbele. Hata hivyo sipendekezi. Kwenye changarawe na kwenye kona ya mteremko utaikumbuka ya nyuma.

Jibu halikuja kwa akili yangu. Lilikuja na msumari.

Tairi la nyuma lilipata pancha. Kulitoa tairi la pikipiki hii ni lazima ufungue nati ya fimbo, uchomoe fimbo kwenye mkono wa breki, ufungue na bolti ya ule mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki (kifuniko cha dramu kinachobeba breki shuu) isizunguke pamoja na tairi, ndipo uchomoe ekseli. Nikafanya hivyo. Pikipiki iko kwenye stendi ya kati, tairi liko pembeni, fimbo inaning'inia hewani haijashika kitu. Nikainuka, goti likaegemea pedeli kwa bahati mbaya.

"Kaka," mdogo wangu akasema, "hiyo imeshuka haijapanda."

Tukaitazama wote wawili. Pedeli imelala chini, haina fimbo inayoivuta, haina breki shuu, haina dramu, haina tairi, haina cheni. Ina springi mpya nene inayoivuta kwenda juu kwa nguvu zake zote. Na bado haipandi.

Miezi minne nilikuwa nimeitazama breki ya nyuma kama kitu kimoja kirefu kuanzia mguuni mpaka tairini, na nikawa natibu popote mkono unapofika. Kumbe ni vitu viwili vilivyoshikana kwa fimbo. Huku mbele kuna pedeli inayozunguka kwenye shafti yake na kurudishwa na springi yake. Kule nyuma kuna mkono wa breki unaozungusha kijiti bapa ndani ya habu, kile mafundi wanachokiita kemu. Kemu ikizunguka inazitanua breki shuu zikagusa dramu, na zinarudishwa na springi zao wenyewe mbili zilizo ndani. Kila upande una springi zake. Ukichomoa fimbo, kila upande unapaswa kurudi wenyewe bila msaada wa mwenzake. Usiporudi, umempata. Ni nati moja tu ya kufungua, kazi ya dakika mbili, na mimi nilikuwa nimenunua springi.

Tukaijaribu na sahani ya breki iliyokuwa mezani. Nikaubana mkono wa breki kwa kiganja, nikauachia. Ulirudi, lakini kivivu, ukasita njiani. Kwa hiyo wagomaji walikuwa wawili: mkubwa mbele, mdogo nyuma. Ningetengeneza mmoja, mwingine angeniaminisha kwamba sijafanya kitu.

Kuitoa pedeli ilikuwa kazi ya siku tatu, ambayo ukiisoma kwenye kitabu cha pikipiki ni mstari mmoja. Kwenye pikipiki yangu pedeli ina shafti iliyochomelewa nayo, inayopita ndani ya bomba fupi la fremu na kushikiliwa upande wa pili kwa washa (kipete bapa cha chuma) na spliti pini (pini inayopindwa ncha ili isichomoke). Ili uifikie ni lazima utoe vikanyagio (bolti nne chini ya injini) na ulegeze bomba la moshi lililokaa njiani. Kwenye pikipiki nyingine pedeli huwa na tundu na inazunguka kwenye kijiti kilichochomelewa kwenye fremu, au inakaa kwenye shafti yenye meno madogo na kubanwa kwa bolti. Umbo linatofautiana, ugonjwa ni uleule. Kabla ya kugusa kitu nilipiga picha kwa simu kila hatua, hasa mpangilio wa washa. Washa moja ikikaa upande usio wake, pedeli inabanwa na fremu, na utarudi palepale ulipoanzia ukidhani kutu imekufuata.

Spliti pini ilitoka vipande vipande. Shafti haikutoka kabisa. Nikafanya kosa ambalo ningependa ulisome hapa badala ya kulifanya: nilichukua nyundo ya chuma nikagonga ncha ya shafti. Ilisogea kama milimita mbili, na ncha ikachanua kama uyoga. Sasa kichwa ni kipana kuliko tundu, hata kutu ikiachia haiwezi kupita. Nilitumia nusu saa kwa tupa nikiupunguza uyoga ule kabla ya kuendelea. Chuma ukikigonga moja kwa moja kwa chuma kinatanuka. Weka kipande cha mbao ngumu katikati, au tumia nyundo ya plastiki.

Kilichofanya kazi ni subira na kuzungusha. Shafti yenye kutu ukiivuta inakataa. Ukiizungusha inajisaga yenyewe. Niliweka mafuta ya kupenya pande zote mbili jioni, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikaishika pedeli kama mpini na kuipeleka juu na chini, juu na chini, kila mara nikiongeza mafuta. Mwanzoni ilitoa sauti ya mlango mkavu. Baada ya muda mafuta yaliyotoka yakawa na rangi ya chai ya rangi, kisha kahawia nzito, ndipo nikajua kutu inatoka. Usiku wa pili tena. Siku ya tatu nikiwa nazungusha huku mdogo wangu akigonga taratibu juu ya mbao, ikaanza kuteleza nje, na ikatoka nzima mkononi mwangu.

Nilidhani nitakuta kutu tu. Nilikuta na grisi, ya miaka isiyojulikana, iliyokauka ikawa kama nta ya mshumaa, ngumu, imejipaka upande wa juu wa bomba. Upande wa chini, maji yanapotuama, hakukuwa na grisi kabisa, palikuwa na kutu yenye vipele. Shafti ilikuwa imeshikwa upande mmoja na gundi na upande mwingine na msasa. Springi gani ingeshinda hapo?

Usafi ukawa hivi. Mafuta ya taa na brashi kuyeyusha ile nta. Msasa namba 320 kuondoa vipele, kisha 600 kulainisha, nikizungusha pande zote sawa ili shafti isiwe na upande mwembamba. Lengo ni kuondoa kutu na kukiacha chuma. Ukichangamka sana shafti inapwaya ndani ya bomba na pedeli inacheza kushoto na kulia. Kwa ndani ya bomba nilipasua ncha ya kijiti, nikabana kipande cha msasa, nikazungusha kwa mkono. Kisha kitambaa safi, mafuta ya taa tena, kitambaa tena, mpaka kikatoka cheupe.

Kabla ya grisi kuna jaribio ambalo nisingeliruka tena. Nilirudisha shafti ikiwa kavu, bila springi, nikainua pedeli na kuiachia. Ilipaswa kuanguka kwa uzito wake mwenyewe. Haikuanguka, ilisita katikati. Nikaitoa, nikaona alama inayong'aa mahali pamoja, nikasugua pale, nikajaribu tena. Mara ya nne ikaanguka kama mkono wa mtu aliyesinzia. Grisi ingeificha ile kasoro kwa mwezi mmoja au miwili na mimi ningejipongeza.

Kisha grisi ya kawaida ya lithiamu, namba 2, ndani ya bomba lote na juu ya shafti yote, kwa ukarimu. Ile iliyosukumwa nje niliifuta, nikaacha ukingo mwembamba pande zote mbili kama kizuizi cha maji. Niliongeza na oringi (pete ya mpira) ndogo kila upande, mahali ambapo hapakuwa nayo kiwandani, baada ya kuhakikisha haibani. Kama pikipiki yako ina chuchu ya grisi kwenye bomba hilo, wewe umebarikiwa: sukuma grisi mpya mpaka ya zamani itoke.

Kwa kuwa tairi lilikuwa nje, nikaigeukia sahani ya breki. Hapa kuna jambo moja sitanii nalo. Vumbi la breki usilipulize, si kwa mdomo wala kwa pampu ya hewa. Breki shuu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na kwenye pikipiki ya umri huu huwezi kujua kwa macho zilizomo ni zipi. Nililowesha kitambaa kwa maji, nikafuta, nikakitupa ndani ya mfuko uliofungwa.

Breki shuu zinatoka kwa kuzikunja kama kitabu: unazishika zote mbili kingo za nje, unazipandisha zikaunda herufi V, springi zinalegea, zinatoka pamoja. Zangu zilibaki na milimita 2.3 za ngozi ya breki, ule utando unaosugua dramu. Kiwango cha mwisho kwenye pikipiki nyingi za aina hii ni milimita 2, kwa hiyo nilikuwa na ruhusa ya kuendelea nazo, na sikuendelea nazo, niliweka mpya. Ngozi ikiwa nyembamba, kemu inalazimika kuzunguka zaidi ili breki shuu zifike kwenye dramu. Ikizunguka kupita kiasi inaweza kujifunga mahali ambapo springi hazina uwezo wa kuirudisha, na breki inabaki imeshika. Mtu mwenye tatizo la pedeli isiyorudi anapaswa kulitazama hili, maana kwa dereva dalili ni zilezile. Mshale mdogo ulio kwenye mkono wa breki, unaoelekea alama kwenye sahani, umewekwa kwa ajili hiyo. Wangu ulikuwa umefunikwa na tope tangu enzi za mjomba.

Kutoa kemu, bolti inayobana mkono wa breki ni lazima itoke yote. Kuilegeza hakutoshi, kwa sababu inapita kwenye kijifereji cha shafti ya kemu na kuizuia isichomoke. Nilivuta dakika kumi kabla ya kugundua. Kabla ya kuutoa mkono tafuta vinukta viwili, kimoja kwenye mkono na kimoja kwenye ncha ya shafti. Visipokuwepo, chora mwenyewe. Mkono ule umeshika kwa meno madogo, na jino moja tu ukilikosea pembe yake na fimbo inabadilika. Breki inaposhika, fimbo na mkono vinapaswa kukaribia pembe mraba. Hapo ndipo mguu unapata nguvu zake zote.

Kemu ilikuwa na ugonjwa uleule kwa kiwango kidogo. Msasa 600, mafuta ya taa, kitambaa. Grisi ya hapa ni ya kuvumilia joto, na inapakwa kwa unyimi: utando mwembamba kwenye shafti, mguso mdogo kwenye nyuso mbili zinazosukuma breki shuu, mguso kwenye kijiti cha upande wa pili. Pedeli nililisha, kemu nililambisha. Ukizidisha, joto litaiyeyusha na itakwenda moja kwa moja kwenye dramu.

Ndani ya dramu kulikuwa na mng'ao wa kioo, matokeo ya kule kukwaruza kwa miezi. Nikausugua kwa msasa mpaka ukafifia. Ukingoni limeandikwa neno MAX na 111 mm, yaani kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa. Vernia, kile kipimo cha kubana, ilinipa 110.4. Nikaridhika.

Kurudisha tairi ni kinyume cha kulitoa, isipokuwa mambo mawili. Bolti ya ule mkono unaozuia sahani isizunguke niliipa spliti pini mpya, sikurudisha ya zamani. Ikichomoka hiyo, siku utakayofunga breki sahani nzima itazunguka na tairi linaweza kufunga. Na kabla ya kukaza nati ya ekseli nilimwambia mdogo wangu abonyeze pedeli ya breki kwa mkono na kushikilia. Breki shuu zinajipanga katikati ya dramu, ndipo nikakaza.

Marekebisho yana mpangilio wake, na zamani niliyafanya kinyumenyume. Kwanza urefu wa pedeli, kwa ile bolti inayoizuia isipande kupita kiasi, mpaka mguu uifikie bila kujikunja. Kisha uhuru wa pedeli kwa nati ya fimbo: kwenye pikipiki yangu ncha ya pedeli inashuka milimita 20 hadi 30 kabla breki haijaanza kushika. Nati ile ina shavu lililochongwa linalokaa kwenye kipini cha duara, kwa hiyo inarukaruka nusu mzunguko kwa nusu mzunguko. Hakikisha imekaa kwenye shavu lake kabla hujapima. Mwisho kabisa swichi ya taa, iwake pale uhuru unapokwisha, sekunde ile breki inapoanza kung'ata. Nilianza na swichi miezi minne iliyopita. Ungesema nilijenga nyumba kuanzia kwenye kengele ya mlango.

Nilipima tena mdogo wangu akiwa amekaa juu ya kiti, sharti ambalo zamani sikulijua. Mtu akikaa, shokabu zinabonyea na tairi linapanda, na kutegemea fimbo imeshikiliwa wapi, breki inaweza kukaza au kulegea kidogo. Kwangu uhuru ulipungua kutoka 28 mpaka 23. Pikipiki iliyokuwa sawa kwenye stendi ingeweza kukwaruza na watu wawili juu yake.

Rafiki yangu mmoja aliposikia habari hizi alisema yake ina diski nyuma, hana fimbo ya kuchomoa. Swali linabaki lilelile, ila anauliza kwa njia nyingine. Tairi likiwa limefunga, fungua kidogo ile skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa (kifaa kinachoibana diski), ukiwa umekinga macho na rangi isiguswe na mafuta ya breki. Tairi likiachia, kuna presha iliyofungiwa: tazama pampu ya breki, kitundu chake kidogo cha kurudisha mafuta kimeziba, au kijiti kinachoisukuma hakina nafasi, au mpira unaopitisha mafuta umevimba kwa ndani. Lisipoachia, pistoni za kalipa au pini ambazo kalipa inatelezea zimeshika kutu. Yake ilikuwa pini. Na grisi ya kawaida haitakiwi kugusa mipira ya breki ya mafuta, inaivimbisha.

Springi ya zamani, ile iliyotuhumiwa kuchoka, niliirudisha mahali pake. Inairudisha pedeli kimya kimya mpaka juu, asubuhi na mchana. Nilipolizungusha tairi kwa mkono lilikwenda mizunguko mitatu na kitu; kabla ya hapo halikumaliza nusu. Kilometa za mwanzo niliendesha kwa upole, nikifunga breki kidogo kidogo ili ngozi mpya ijikate kwa umbo la dramu, na kila niliposimama nilisogeza kiganja kwenye habu.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi kukirekebisha kilikuwa mguu wangu. Miezi ile minne uliujifunza mchezo wa kubetua pedeli kwa juu ya kiatu kila baada ya kufunga breki, na uliendelea kuibetua wiki kadhaa ingawa hapakuwa na cha kubetua. Kiatu cha kulia kina kovu jeusi juu ya vidole mpaka leo.

Niliifungua tena baada ya msimu wa mvua. Grisi ya upande wa ndani ilikuwa bado safi, ya upande wa nje ilikuwa na mchanga kidogo nyuma ya oringi. Nikafuta, nikapaka, nikafunga; kazi ya saa moja sasa, kwa sababu hakuna kinachogoma. Pedeli inacheza kama milimita 4 kushoto na kulia kwenye ncha, bomba limeliwa upande mmoja na msasa wangu ulichangia. Ingefaa kuwekewa bushi, kile kibomba cha kuziba upwayaji. Nimeandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, chini ya mistari mingine miwili ambayo nayo inasubiri.